Menyu Iliyokaa Kwenye Paji la Uso la Mzee Leboo

Saa moja asubuhi, mtaa wa Manundu, mjini Korogwe. Duka halijafunguliwa kwa wateja, lakini mwenyewe yumo ndani. Dorkasi Shekiondo (36) ameinamia kompyuta, chai imepoa pembeni, na anajisemea peke yake: "Sogea. Sogea, mama. Hapo hapo!"

Anayebembelezwa ni menyu ya tovuti: yale maneno ya kubofya yanayompeleka mtu kwenye kurasa nyingine.

"Usinisemeshe kwanza," ananiambia bila kugeuka. Nafungua daftari langu. Jana jioni alipigiwa simu iliyomnyima hata hamu ya kula.

Dorkasi alikuwa fundi cherehani. Kampuni za simu zilipoanza kushindana kuleta intaneti mpaka huku kwetu, aliuza cherehani, akanunua kompyuta, akajifunza mwenyewe kutengeneza tovuti. Mwaka huu wa 2009 ndipo amepata kazi yake ya kwanza ya maana, kutoka kwa kikundi cha wafugaji wa Handeni wanaotaka wenye bucha wa Dar es Salaam waone mbuzi na ng'ombe wao.

Aliweka picha ya mwenyekiti wao, mzee Leboo, katikati ya ukurasa. Kushoto kwa picha akapanga menyu. Ilipendeza, akalala usingizi wa haki.

Jana katibu wa kikundi, Resian, akaifungua tovuti hiyo kwenye duka la intaneti mjini Handeni, mzee akiwa amekaa mbele kabisa. Maneno "Bei Zetu" yalikuwa yamemkaa mzee katikati ya paji la uso.

"Nikampigia simu, nikamuuliza, dada, ndiyo umemuuza mzee wetu?" Resian aliniambia baadaye. "Kwetu ukimwamkia mzee unainamisha kichwa, yeye ndiye anakuwekea mkono. Wewe humwekei kitu kichwani. Huyu kamwekea bei!"

Mzee Leboo alichukua fimbo yake akaondoka. Kikundi kikapanga kukutana leo mchana kuamua kama kazi ya Dorkasi ikataliwe.

"Wakinikataa hawa, Handeni nzima itajua," anasema Dorkasi, sasa akigeuka. Macho ni mekundu. "Na cherehani sina tena. Nitashika nini?"

Kosa lenyewe amelikuta alfajiri. CSS, lugha inayoambia kila kitu kwenye ukurasa kikae wapi, ilifanya vile vile alivyoiagiza. Menyu aliipima kutoka ukingo wa kushoto wa kioo cha kompyuta yake, ambacho ni kipana. Kioo cha Handeni ni chembamba. Picha ikatafuta katikati ya kioo kile, ikasogea kushoto. Menyu ikabaki pale pale ilipoambiwa, juu ya uso wa mtu.

"Nilishona kwa kujipima mwili wangu mwenyewe," anasema, na kwa mara ya kwanza anacheka. "Mteja ana mwili wake!"

Sasa ameziweka picha na menyu ndani ya boksi moja, na menyu anaipima kutoka ukingo wa boksi hilo. Boksi likisogea, vyote vinasogea pamoja. Anapunguza upana wa dirisha kwenye kioo chake, anaupanua, anaupunguza tena. Menyu haimgusi mzee.

"Hapa kwangu inakubali," anasema. "Huko sijui. Twende."

Handeni, kwenye duka lile la intaneti, tunamkuta mzee Leboo amekwisha kufika, shuka begani, uso mkavu. Dorkasi anainamisha kichwa. "Shikamoo, mzee." Anaitikiwa marahaba, lakini mkono wa mzee unabaki kwenye fimbo. Jamani, hata mimi niliyekuja kuandika tu nilisikia baridi.

Resian anafungua ukurasa. Intaneti inajivuta, picha inashuka kidogo kidogo: kofia, paji la uso, macho. Hakuna neno juu yake. Menyu imetulia kushoto, mahali pake.

Mzee anasogea, anajitazama kwa muda.

"Huyu ni mimi," anasema. Kisha anamgeukia Resian: "Mbona mbuzi ni wadogo kuliko mimi? Wanunuzi wanakula mimi?"

Duka zima linaangua kicheko. Dorkasi anakaa chini kama aliyetuliwa mzigo, machozi yanamtoka huku akicheka. Mzee anamsogelea, anamwekea kiganja kichwani.

"Mbuzi wakubwa, binti yangu," anamwambia. "Kazi ni yako."

Nje, Dorkasi ananieleza kwamba mwenye nyumba ya wageni pale Segera naye anataka tovuti, na kwamba alikuwa anaogopa kumjibu. Anatoa simu, anampigia hapo hapo.

"Nakuja kesho, kaka," anasema. "Hapana, usiandae picha. Niandalie hiyo kompyuta yenu, niione kwanza."