Injini ya Majura na Ng'ombe Wangu

Nakumbuka siku ile mdogo wangu Majura aliposimama mbele ya wazee, nyumbani kwetu Makoko, akasema pikapu ni yake kwa sababu injini ni yake. Majura huyo ndiye baba yako, Mungu amlaze pema, na simsemi vibaya, namlilia mpaka leo. Lakini nimesikia na wewe unatafuta injini ya kufunga kwenye gari lenu, ndiyo maana nimekuita. Kaa upande huu wa kulia, mwanangu, sikio la kushoto halisikii. Simu weka mfukoni. Chai inakuja.

Nilipoolewa Butiama, mahari yangu ilikuja ya ng'ombe, kama kawaida yetu. Ng'ombe wa dada humwolea kaka yake mke, hilo unalijua. Ila Majura hakuwa na haraka ya mke, alikuwa na haraka ya gari. Baba akawapeleka ng'ombe mnadani Bunda, na hela yao ikanunua pikapu ya mtumba. Ikawa inabeba samaki na mihogo kutoka Mugango kuja Musoma mjini, na mgonjwa akizidiwa anabebwa humo humo. Watu wakaipa jina langu. Ikipita wanasema Nyabise huyo, kimbieni mumuwahi. Mimi niko Butiama napalilia mtama, wao wanapanda mgongoni kwangu bila nauli ya maana! Nilikuwaga nacheka nikisikia hivyo.

Kucheka kuliisha mapema. Mume wangu alikuwaga ananipiga, na sitakueleza yote maana wewe ni mtoto wangu. Wazee wa kanisa walitukalisha, nikarudi. Baba alinisihi nivumilie, nikarudi. Nilijaribu kupika vizuri zaidi, kunyamaza zaidi, kuamka mapema zaidi. Mwisho alinipiga kofi la sikio, damu ikatoka, nikatembea kwa miguu hadi barabara kubwa, nikapata basi la kwetu. Baba aliponiona alikaa chini kwenye udongo. Akasema huyu harudi tena.

Sasa, kuvunja ndoa maana yake ni kurudisha ng'ombe. Sikuwa nimejaliwa mtoto, kwa hiyo walitakiwa warudi wote. Mume wangu alituma maneno kwamba wasiporudi mimi bado mke wake, atakuja kunichukua, na hakuna ambaye angemzuia. Ng'ombe hawakuwepo tena. Kilichokuwepo ni pikapu. Wazee walizungumza mpaka wakwe wakakubali kupokea gari badala ya ng'ombe, kwa sharti moja: litembee lenyewe mpaka uani kwao. Hawakutaka kuletewa gari la kuvutwa kwa kamba.

Wakati huo injini ilikuwa imechoka. Ilikula oili, ikatoa moshi wa bluu, na kwenye mlima ilihema kama mzee wa pumu. Fundi wa Nyasho aliifungua akasema bloku, lile bonge lenyewe la injini, ni nzima, silinda zichongwe, pistoni na ringi zake za kuzuia oili ziwe mpya, itarudi kama zamani. Majura hakutaka kusikia. Alikuwa na akiba yake ya kubeba samaki, akaenda Mwanza akarudi na injini kubwa kutoka Japani. Ile ya zamani akaing'oa, akaiacha nyuma ya gereji imefunikwa gunia. Mimi nilidhani ni tamaa ya ujana ya kutaka nguvu, kama hiyo yako. Sikujua kwamba ameshasikia wakwe wanalipokea gari, na anatafuta cha kulishikia.

Ndipo kikafika hicho kikao. Baba alisema gari liandaliwe, lipelekwe Butiama, mtoto apone. Majura akasimama.

"Gari bila injini ni bati," akasema. "Injini nimenunua kwa jasho langu. Mtawapelekeaje watu wa Butiama jasho langu?"

 Baadhi ya wazee waliitikia kwa kichwa, na nisimwonee, alikuwa na hoja. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango wa jikoni, sikio limefungwa kitambaa. Nilimtazama yule niliyembeba mgongoni kule Mugango mama akiwa ziwani kununua dagaa, naye akatazama viatu vyake. Niliogopa, mwanangu. Fimbo za mume wangu hazikuwahi kunitia hofu ya namna ile.

Alikuwepo shangazi yetu wa Mugango, dada wa baba. Mama yetu aliolewa kwa ng'ombe wa shangazi huyo, kwa hiyo akiongea hakuna aliyemkatiza, hata baba.  Alimwuliza Majura kama injini ni yake kweli. Majura akasema ndiyo, shangazi.

"Basi itoe," shangazi akasema. "Chukua kilicho chako uweke chini. Halafu mrudishie dada yako kilicho chake."

Majura akafungua mdomo, lakini shangazi alikuwa hajamaliza.

"Na mimi ningesema ng'ombe ni wangu, wewe ungezaliwa na nani?"

Hapakuwa na kikao tena baada ya hapo. Ile injini ya zamani ilitolewa kwenye gunia, fundi akaichonga, akaitia ringi na pistoni. Majura mwenyewe ndiye aliyeishusha ile ya Japani, akivuta cheni na kutoka jasho. Nilimpelekea uji pale gereji, akaupokea bila kuniangalia. Gari lilipowashwa lilitoa moshi kidogo, kisha ukakatika, likatulia. Akaniambia, dada, limekubali. Machozi yakamtoka mbele ya mafundi, na mimi yakanitoka.

Alilipeleka mwenyewe hadi Butiama, akaliacha uani kwa wakwe, akatembea kurudi barabarani kutafuta basi. Alifika Makoko amejaa vumbi hadi kwenye kope. Aliniambia maneno mawili tu: umerudi kwetu. Injini yake ilikaa pale uani kwa baba miaka, kuku wanailalia, na hakuwahi kunikumbusha ilivyofika pale. Ndivyo baba yako alivyokuwa akishaamua kuwa mtu.

Sasa wewe. Pikapu yenu baba yako aliinunua kwa ng'ombe wa Nyangeta, dada yako aliyeolewa Bunda. Sikukatazi injini mpya. Bloku ikipasuka, ng'oa, hakuna ubishi. Mimi mwenyewe nilitoka kwenye nyumba iliyopasuka, na watu walinicheka kwamba Nyabise anatetea injini ya zamani huku mwenyewe amemwacha mume. Niliwajibu kwamba ile ndoa niliifungua nikaitazama ndani mara nyingi kabla sijatoka. Na wewe fungua kwanza. Utazame kilichokufa na kilicho kizima. Kama ni ringi, weka ringi. Na kama lazima ubadilishe, nenda Bunda ukae na dada yako, umwambie mbele ya watu kwamba injini yako imeingia kwenye gari lake, na gari linabaki lake. Usije ukafunga vyuma vyako humo kimya kimya halafu kesho ukasimama mbele ya wazee.

Nakwambia leo kwa sababu jana Nyangeta alinipigia simu. Alisalimia, akauliza habari za mvua. Kisha akaniuliza kama gari la nyumbani bado linatembea. Mimi niliuliza swali hilo hilo nikiwa Butiama, wiki chache kabla ya kofi.

Kunywa chai yako, kesho asubuhi peleka gari Nyasho lifunguliwe. Mungu aliyenitoa kule akupe mikono mizuri na moyo mzuri kuliko mikono. Akupe mke, watoto, na safari za kurudi salama. Na dada yako akifika pale nje, awe na mzigo au asiwe nao, Mungu akujalie uwe wa kwanza kumfungulia, na gari liwake.