Chupa ya Katekista Boniventura

Katekista Boniventura alipoingia wodini, wagonjwa walipata nafuu ghafla. Aliyekuwa akigumia alinyamaza. Aliyekataa chakula tangu juzi aliketi akaomba ugali. Usidhani ni muujiza. Ulikuwa woga mtupu, na chanzo chake kilikuwa chupa ndogo ya dawa ya kikohozi iliyokaa mfukoni mwa kanzu yake, imejaa maji ya ubatizo.

Mwaka ule wa hamsini na sita, kazi ya katekista katika hospitali ya misheni karibu na Bariadi ilikuwa moja tu: kuwawahi wanaokufa. Boniventura, mtoto wa wakulima wa pamba wa Kasoli, aliifanya kwa mbio na kwa fahari. Akinong'onezwa kwamba fulani yu mahututi, huyoo, kanzu imepandishwa magotini. Mgonjwa akiitikia kwa kichwa, maji, jina jipya, amina. Kesho yake mtu amezikwa. Wagonjwa nao hawakuwa wajinga; waliona chupa, wakaona kaburi, wakajumlisha wenyewe.

Jumatano moja alipita kitandani kwa Milembe, mama wa Nkololo mwenye uvimbe tumboni. Daktari alikuwa amesema atampasua kesho yake, na kwamba atapona. Boniventura alitaka kumsalimu tu. Joto lilikuwa kali, akatia mkono mfukoni atafute leso ajifute jasho, na leso ikatoka pamoja na chupa. Milembe akaitazama. Kufika saa sita mchana kitanda chake kilikuwa kitupu.

Sista Wilhelmina, mkuu wa wauguzi, hakupandisha sauti.

"Daktari anaondoka keshokutwa, na hatarudi kabla ya mwezi kwisha," alisema. "Uvimbe ule hautamngoja. Wewe ndiye uliyemkimbiza, Boniventura. Nenda kamrudishe."

Akadandia baiskeli. Njia ya Nkololo ilikuwa vumbi tupu katikati ya mashamba ya pamba iliyopasuka, na wachumaji walinyoosha migongo wamtazame katekista anayekimbia kama mwizi wa ng'ombe. Alianguka mara moja mchangani, akainuka akaendelea bila kujikung'uta. Huyu mama akifa, aliwaza, nimemuua mimi, tena kwa leso.

Alimkuta kando ya njia amekaa juu ya kichuguu, mkono mmoja tumboni, mwingine umeshika fimbo.

"Mwadila, mayu," alimsalimu mama yule kwa Kisukuma huku akihema.

"Mwadila. Ukija karibu nakuchapa."

Boniventura akafungua kinywa amhubirie, maana maneno alikuwa nayo tele. Akayasikia yanavyokuja, yale yale ya kila siku, akayameza. Miaka minne hospitalini, hakuwahi kumuuliza mgonjwa swali ambalo jibu lake hakulijua.

"Unaogopa nini, mayu?"

"Kufa siogopi, baba. Kufa ni kwa wote. Mimi naogopa kupotea." Akatema mate pembeni. "Unamkumbuka Kabula, yule wa kitanda cha jirani?"

Hakumkumbuka.

"Ulimmwagia maji, akafa. Kaka zake wakaja kutoka Lalago, kwa miguu, waone kaburi. Wakaambiwa hapa hakuna Kabula. Wakazunguka makaburini mpaka jua likashuka, wakarudi kwao. Sasa wakitambika, watamwita kutoka wapi?"

Hapo ndipo alipomkumbuka. Alikuwa amempa jina la Klementina, jina la mama yake mzazi, akaona kamtunuku. La kwanza hakuliuliza, na msalabani pakaandikwa Klementina tu. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na hakutafuta pa kuificha.

Akatoa chupa, akamwekea Milembe mkononi. "Shika wewe. Bila hii sibatizi hata kuku. Na jina lako nitalilinda mimi, mlangoni pa chumba cha upasuaji, mpaka utoke."

Milembe akaitikisa chupa, akaitazama juani, akacheka kidogo huku akishika ubavu. Kisha akapanda kwenye keria ya baiskeli. Boniventura hakuendesha, alisukuma, asije akamtikisa, na njia yote ile ndefu alijiona mwepesi kama siku ya Pasaka.

Alhamisi asubuhi Milembe akaingizwa chumba cha upasuaji. Boniventura akaketi mlangoni kama alivyoahidi, na mapajani ameweka msalaba wa mbao. Aliung'oa kaburini kwa Klementina alfajiri ile ile. Alijaribu kusali, akashindwa. Basi akachomoa kisu, akaanza kuchonga: K, A, B. Waliopita walisimama, wakashangaa, wakaenda zao. Alikuwa anamalizia kuchonga Lalago mlango ulipofunguliwa.

"Ametoka salama," alisema Sista Wilhelmina.

Boniventura aliruka, msalaba mkono mmoja, kisu mkono mwingine, na akacheka kwa sauti katikati ya ukumbi, machozi yakimtoka. Sista alimwambia aweke kisu chini kabla hajaua wagonjwa waliobaki.

Jioni Milembe akafumbua macho. Akamwona Boniventura ameinama karibu yake, kanzu ileile yenye vumbi la Nkololo.

"Mimi ni nani?" aliuliza.

"Wewe ni Milembe, mke wa Shija, wa Nkololo."

Akafumba macho, akayafumbua tena. "Na chupa?"

"Sista ameitunza."

"Aendelee kuitunza. Akiihitaji mtu, ataiomba mwenyewe. Wewe kaa."

Boniventura akavuta kigoda, akakaa. Katika miaka yote ile alikuwa hajawahi kukaa wodini. Alikaa na mikono mitupu magotini, na furaha ilimjaa asijue aiweke wapi.

Kitanda cha pili, mzee mmoja aliyekuwa amejifunika shuka gubigubi aliishusha taratibu mpaka kidevuni.

"Mimi, baba," alisema, "naitwa Kashindye."