Sururu ya Meshack

Tangu apunguzwe kazi, Meshack wa kijiji cha Zuzu alikuwa na hasira na wanawake wote. Redio ikitaja mkutano wa wanawake wa Beijing na haki sawa, aliitukana. Haki gani? Kwenye treni yeye asimame, mkewe Erica akae. Nyoka akiingia ndani, aitwe yeye. Na kaburi likichimbwa kwenye ardhi hii ngumu kama saruji, wanaume ndio wapasuke viganja.

Siku ya msiba wa jirani, jua likiwa la utosi, uvumilivu ukamwishia. Akaitupa sururu shimoni.

"Wao wamekaa tu kwenye mikeka wanalia! Waje wachimbe na wao!"

Erica, ndiyo kwanza anarudi kutoka kisimani na ndoo kichwani, alisikia kila neno. Akaitua ndoo miguuni pa mumewe, akaingia shimoni, akaokota sururu.

"Nachimba, baba Yona. Hayo ni maji ya ugali wenu, na bado hayajatosha. Jitwike, kisima unakijua."

Meshack akaitazama ndoo, akaitazama njia ndefu ya kisimani, kisha akanyoosha mkono kuidai sururu yake.

Erica alikuwa ameshaanza kuchimba.