Jibini la Mwisho la Mzee Mbelwa

Usiku ule sikupata hata lepe la usingizi, ndiyo maana ndoto ilinikuta mchana, nimeegemea magunia ya chumvi ndani ya ghala letu la jibini kule milimani Lushoto. Nilikuwa nimegombana na Mama Mbelwa. Mumewe, mzee aliyenifundisha kazi hii, alifariki akaacha jibini moja kubwa, la mwisho kutoka mikononi mwake. Mama alitaka tulikate. Nilimkatalia mara ya tatu. Nilitaka libaki kwenye rafu, kila siku niligeuze na kulifuta kwa maji ya chumvi kama alivyonizoeza, nijidanganye kwamba bado yupo.

Mara namwona Mzee anaingia na mabuti yake ya mvua. Anapita rafu kwa rafu akigonga kila jibini kwa kifundo cha kidole, sikio karibu. Lililoiva alilijua kwa mlio. Ghala linarefuka. Sasa tumo jikoni kwa marehemu mama yangu, na rafu zimo vilevile. Anakata jibini la mbuzi, jeupe, laini, linanukia majani mabichi, ananinyooshea. Nakataa. Kwetu chakula cha marehemu hakiliwi ndotoni, ukikila, umemfuata. Anakata lile gumu la njano, lenye harufu ya karanga za kukaanga. Nakataa. Anakata lenye mistari ya ukungu wa buluu, lile nililolitema siku ya kwanza akacheka mpaka akakaa chini, na mwezi haukuisha nikawa nalidokoa kwa siri. Mate yananijaa. Natamani kula, naogopa kufa.

"Zaina, unaniogopa?"

"Shikamoo, Mzee. Nakuogopa."

Amefika kwenye lile la mwisho. Analigonga, analigonga tena, uso unamharibika.

"Hili umeligeuza kaburi," anasema. "Mimi nilitengeneza chakula."

Nataka kujitetea, lakini keshanigeuzia mgongo. Anarudisha vipande vyote rafuni.

"Cha ndotoni umefanya vizuri kukikataa. Haya, amka ukale cha kweli."

Niliamka shingo imekakamaa. Sikungoja hata kunawa uso, nikalikimbilia lile jibini na kuligonga. Upande mmoja mlio mzito, upande wa pili mtupu. Nikachukua kisu. Upande ule mtupu ulikuwa umeanza kuoza, na harufu yake ikanifanya nijichukie. Wiki moja zaidi na ningelitupa lote. Nikaukata upande mbovu, na zaidi ya nusu lilikuwa zima. Nikalifunga kwa kitambaa safi, nikaenda nalo mpaka mlangoni kwa Mama Mbelwa.

"Nisamehe, Mama," nilimwambia.

Alikata kipande, akatafuna polepole amefumba macho, machozi yakimtiririka.

"Chumvi imezidi," alisema. "Miaka yote nilimwambia, hasikii. Hebu nikatie kingine."