Bunga ya Kutwanga

Mama yangu Kapya anauzishaka makayabu mu soko, na muntu asimuambie ati samaki yake iko na chumvi mingi. "Basi kula sukari!" njo jibu yake. Dimanche ku misa, hakuna mwenye kumushinda kuimba. Lakini huyu mama wa kinywa hivi alikuwa anaogopa fasi moja: pango.

Alizaliwa wakati wa vita ya sécession, pale Katanga ilitaka kujitenga na Congo. Mama yake alimukimbiza, mutoto muchanga, mupaka mu pango moja kule mbali ya Kipushi, fasi bankambo balikuwa banaomba Leza, Mungu wao, mbele ya kuchimba mukuba, ile shaba, tangu zamani sana. Bantu balijificha mule, baaskari banapita chini mu njia. Maziwa ya nkambo yangu, mama ya mama, ikakauka juu ya njala. Mutoto analia tu. Bengine bakasema: "Mufunge kinywa, atatuuwisha bote!" Njo mwanamuke mumoja wa kule, mwenye kuwa na mutoto wake, akamubeba, akamunyonyesha, mutoto akanyamaza. Jina ya ule mwanamuke, hakuna mwenye aliiuliza.

Mbele ya kufa, nkambo alimuambia mama: "Uende kule pa pango, useme aksanti." Hakuenda. Bamama wenzake ba kanisa balimuambia ile ni kuabudu bafu, bantu ba kukufa, achague Yesu ao pango. Akakuwa ananiuliza, miye binti yake: "Chama, mama yangu alinituma, Mungu ananikataza, nifanye namna gani?" Miye nilikuwa nakasirika. Mungu gani atachukia aksanti? Wapi! Mwaka huu tension, damu ya kupanda, ikamuangusha mu soko, katikati ya bateja. Pa kuamuka akasema: "Twende. Nikikosea, Bwana atanisamehe. Nikikufa bila kwenda, nitamuambia mama yangu nini?"

Bwana yangu Laurent akatupeleka na motokari. Mama akakaa nyuma, uso ku dirisha njia yote, maana mama-mukwe haangaliane na mukwe wake. Kama anataka kukojoa, ananiambia miye, miye namuambia Laurent. Eh, safari!

Ku mulango ya pango majiwe ilikuwa nyeusi ya moshi ya zamani, na juu yake bunga nyeupe, sababu kule unamwangaka bunga ya bankambo mbele ya kuingia. Baridi ilikuwa inatoka ndani. Mama akashika rozari yake nguvu. Nilimuonea huruma.

Chishimba, mama mwenye kuchunga fasi ile, akatoka ku shamba na jembe yake, anatoka jasho. Nikamupa bunga yetu, ya mashini, ya kutoka Kasumbalesa. Akacheka mupaka akaikala chini.

"Bankambo bakule bunga ya mu sachet? Bunga ya hapa ni ya kutwanga na mikono! Batoto ba mujini, yo! Mwende kwetu pale chini, mama yangu atawapa."

Tukashuka, Chishimba akatufuata na jembe yake. Mama ya Chishimba, muzee kabisa, alikuwa pa mukeka anachambua maharagi. Akauliza tunaenda ku pango juu ya nini. Mama akaelezea yote: vita, njala, kilio, mwanamuke bila jina.

Muzee akaacha maharagi.

"Ule wa kulia?" akasema. "Njo weye? Uliniuma na ufizi, weye!"

Mama akapiga magoti, akapiga mikono pole pole vile tunasalimiaka bakubwa, machozi inashuka. "Aksanti, mama. Aksanti sana. Niliogopa kushukuru bafu, kumbe Mungu alikuchunga muzima, miaka yote ile nilikuwa nachelewa."

Miye naendaka ku misa juu ya mama asinisumbue. Siku ile nilishukuru Mungu na moyo wangu mwenyewe, na sikuona haya ya kulia mbele ya Laurent.

Muzee akageukia binti yake mwenye kusimama na jembe.

"Chishimba, weka mayi ku moto, tusonge bukari. Bunga ya pango itangoja. Siku ile maziwa ilikuwa kidogo, huyu mutoto hakushiba."