Tamthilia Iliyotazamwa kwa Masikio

Mama mdogo wangu aliangalia tamthilia kwa masikio. Cherehani yake ni ile kubwa ya mota, meza imefungwa kwa bolti sakafuni, ikielekea dirishani kufuata mwanga. Televisheni iko ukuta wa nyuma, maana kuta nyingine zimejaa rafu za vitambaa. Kwa hiyo kila jioni, akiwa anashona sare za shule, aliipa kisogo starehe yake pekee.

Starehe yenyewe ilikuwa tamthilia ya upelelezi iliyotengenezwa kutokana na riwaya nene. Tajiri mwenye kiwanda cha unga amekutwa maiti katikati ya sherehe yake mwenyewe, na kila sehemu inapokwisha, yule uliyeapa kwamba ndiye muuaji anakutwa naye ameuawa. Ukishaonja, umekwisha. Siku ilipogundulika kwamba daktari wa familia hajawahi kuwa daktari, mama mdogo alishonea mkono wa shati kwenye shingo.

"Hili tumpelekee nani, mama?" binti yake alimuuliza akilipeperusha hewani. "Labda shule ya pweza."

Taabu ilikuwa moja: kwenye tamthilia za namna hii, pale patamu kuliko pote hakuna anayesema. Muziki unashuka, mlango unalia, halafu kimya. Binti ndiye aliyekuwa akimsimulia mama yake yanayoonekana. Kisha binti, ambaye ni muuguzi, akahamishiwa zamu ya jioni. Sebuleni wakabaki wawili, mama mdogo na mumewe.

Baba mdogo alikuwa dereva wa lori, na mdomo wake haukuwa na breki, kwa kweli na kwa uongo. Kiharusi kilipompiga, mguu ulirudi, ulimi ukarudi nusu. Mtaalamu wa matamshi alituambia wazi: aongee kila siku, la sivyo hata hicho kidogo kitapotea. Akawa anaongea, kwa kukwama na kuburura maneno, mpaka siku muuza duka alipomwambia mbele za watu, "Mzee, asubuhi yote hii umeshalewa?"

Alirudi nyumbani akafunga mdomo. Akitaka maji, anaonyesha kikombe. Akikataa, anatikisa kichwa. Mama mdogo alibembeleza, akanuna, akalia. Mimi, waliyenilea tangu mdogo, nilimletea picha za mazoezi. Alizilaza kifudifudi juu ya meza, moja baada ya nyingine, kwa adabu kabisa. Tulikuwa tunampoteza mtu huku amekaa mbele yetu.

Jioni moja nilitoka kazini nikafika kizingitini wakati muziki unashuka.

"Kuna nini?" mama mdogo aliuliza, mikono iko kwenye marinda ya sketi. "Baba, mbona wamenyamaza?"

Baba mdogo alinyoosha kidole kwenye televisheni.

"Nakuuliza wewe! Kuna nini?"

Akanyoosha tena, kwa hasira. Mgongo wa mkewe hauna macho.

"Jamani, mtanizika mimi kabla ya huyo tajiri! Sema basi!"

"Ki..." Koo lilikwaruza kama geti lenye kutu. "Kisu."

Cherehani ikanyamaza.

"Kisu kiko wapi?"

"M... mkoba."

"Wa nani?"

Alipigana na neno hilo mpaka mshipa wa shingo ukamsimama. "Mja... mjane."

"Si nilisema! Machozi ya yule mwanamke niliyakataa tangu siku ya kwanza!" Akakanyaga pedali akaendelea na marinda yake, kana kwamba mume huyo hajawahi kunyamaza. Nilibaki mlangoni nimekumbatia mkate, naogopa hata kupumua.

Baadaye nilimuuliza mama mdogo kama ule ulikuwa mtego. "Mtego gani, mwanangu?" alinishangaa. "Nilitaka kujua kuna nini."

Tangu hapo jioni zote zikawa za masimulizi. Neno likazaa neno, maneno yakazaa sentensi, nyingine zikichechemea, nyingine zikifika salama. Siku moja mteja mmoja alifuata sketi za wanawe.

"Na yule farasi aliyemtoa mpelelezi motoni," mama mdogo alimwambia, "si alikutoa machozi?"

"Farasi gani, dada? Mbona hakukuwa na farasi?"

Mama mdogo aligeuka taratibu. Mumewe alikuwa anakagua dari.

"We mwanamume! Farasi umemtoa wapi?"

"Ali... pita haraka," alisema. "Ulikuwa una... shona."

Mama mdogo alicheka mpaka akajifuta macho kwa kipande cha kitambaa. "Amerudi," alimwambia mteja aliyekuwa haelewi kitu. "Mume wangu mwongo amerudi!"

Wenzangu niliosoma nao chuoni huziita tamthilia hizi ulevi wa wavivu, zinazowala watu muda na akili. Waseme. Mimi nitabishana nao mpaka mate yanikauke. Yule aliyeandika riwaya ile, na yule aliyeamua kwamba mkoba ufunguliwe bila neno hata moja, hawatujui wala hawatatujua. Nawashukuru kwa moyo wote. Tuliyoyashindwa sisi kwa mapenzi na machozi, uchu wa kujua ya mbele uliyaweza.

Siku ya sehemu ya mwisho, jirani yetu mwalimu alikuja kuangalia nasi. Riwaya alikwisha kuisoma, na alikuwa anawashwa. Muziki uliposhuka kwa mara ya mwisho, akashindwa kujizuia.

"Kwenye kitabu," alianza, "muuaji ni yule..."

"Nyamaza!"

Tuligeuka wote. Baba mdogo alikuwa amesimama, mkono wake dhaifu umeshika kiti.

"Samahani, mwalimu," alisema. "Ha... hapa msimuliaji ni mimi."

Mwalimu akanywea kama mwanafunzi. Mama mdogo alizima mota na kulaza mikono magotini. Angeweza kugeuka akaona mwenyewe, hakugeuka.

"Haya, Baba," alisema akilitazama dirisha. "Nani?"

Baba mdogo alikaa, akaanza. Majina ya waigizaji yakapita, matangazo yakapita, taarifa ya habari ikaanza, naye bado yuko kwenye ngazi za chini za lile jumba la tajiri, anapanda neno kwa neno, na hakuna aliyemharakisha.