Polisi wa Barieri ya Munigi

Tulikimbia Rumangabo asubuhi, mabomu yakianguka kwenye mashamba nyuma ya nyumba zetu. Dada yangu mkubwa na mimi tulipanda nyuma ya kamioneti iliyobeba magunia ya maharage. Juu ya magunia walikuwa wamebanana wamama, wazee, mbuzi na magodoro. Dada alipata nafasi pembeni kabisa, juu ya ubao wa nyuma, mguu mmoja ndani, mwingine ukining'inia nje.

Tulipofika Munigi, polisi wa barabarani alisimamisha gari. Alikuwa peke yake kwenye barieri, kizuizi cha barabara. Wenzake walikwisha kukimbia.

"Shukeni wote," alisema. "Sheria inakataza mutu kupanda juu ya mizigo."

Muzee mmoja alimfokea: "Mukubwa, tuko tunakimbia bombe, wewe unatuletea sheria?"

"Juzi niliokota mutoto hapa, alianguka kwa gari kama hii. Kichwa kilipasuka. Wazee na wagonjwa wabaki, wenye nguvu watembee. Goma iko karibu."

Tulimtukana. Mama mmoja alimtemea mate. Lakini shofa alizima gari, nasi tukaanza kushuka. Nilikuwa nimekwisha kukanyaga chini, dada akiwa bado juu anatafuta kiatu, wakati askari waliokuwa wakikimbia vita walipotufikia. Mmoja alifungua mlango akampiga shofa mdomoni kwa kitako cha bunduki, kisha akamtupa nje akashika usukani. Wengine walipanda magunia, wakiwasukuma chini kwa mateke waliokuwa wamebaki. Gari likaondoka kwa kasi.

Dada aliruka. Kitenge chake kikanasa kwenye ndoano ya ubao. Gari likamburuta juu ya mawe ya volkano, akipiga yowe, halafu yowe likakatika.

Nilikimbia. Polisi alinipita. Alidandia ubao kwa mkono mmoja, kwa mwingine akavuta kitenge mpaka kikapasuka. Dada akabaki barabarani. Askari aliyekaa juu ya magunia alimlenga polisi kifuani na kufyatua. Polisi akaanguka chali.

Mgongo wa dada ulikuwa nyama tupu, changarawe nyeusi imeingia ndani. Yule muzee aliyefoka alipiga magoti kando ya polisi, akamwita kwa heshima, kama mtu amwitavyo baba, "Papa! Papa!" Hakuitika.

Milio ya risasi ilizidi kusogea. Tulimlaza dada kifudifudi juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, na watu nisiowajua wakanisaidia kuisukuma hadi hospitali ya Goma. Polisi tulimfunika kwa godoro la mtu. Hatukuwa na kingine.

Dada alipona, anaishi Katoyi, mtaa wa Goma. Mgongoni ana makovu meusi ambayo hayatoki. Vita vilipotulia, nilirudi Munigi kuuliza habari za yule polisi. Wenyeji walikuwa wamemzika kando ya shamba la mahindi. Hakuna aliyejua kwao ni wapi.

Siku hizi dada huniuliza alikuwa na sura gani, maana yeye hakuwahi kumtazama vizuri. Namwambia: mfupi, mweusi, sauti ya kukwaruza, viatu vikubwa kuliko miguu yake. Husikiliza, kisha huniomba nimwambie tena.